Uliniuliza Tuweke Mfumo Upi

Kwako Elphas,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali. Yako naijua. Umeenda Bukura kumuaga kukhu, nyanya yako, umevaa lile shati nililokuambia uliweke kwa safari, na utarudi umeshiba mpaka chakula changu ukiguse kwa heshima tu. Hali yangu mimi ni hii: nimeketi dukani, mvua ya alasiri imekuja na mawe yake, stima zimepotea na mashine zote zimenyamaza. Kama stima zingekuwapo nisingeandika. Ningejitia shughuli na harusi ya mtu, jinsi nilivyojitia shughuli tangu mwaka jana ili nisikutazame usoni.

Kesho unaenda Nairobi kuanza kazi ya studio. Habari za sweta, za kuchemsha maji, za kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, sitaziandika. Hizo nimezisema mpaka unazijua kuliko Baba Yetu. Nataka kujibu swali lako.

Juzi ulitoka kupokea simu kwa jirani, ukasimama pale mlangoni. Ukasema wale watu wa studio hawajanunua bado mashine ya kuhariria video, na kwa kuwa wewe ndiye utakayeikalia, wanataka useme iwekwe mfumo gani: NT, au Windows 98, au waende kabisa kwa Macintosh. Ukaniuliza, "Mama, nichague gani?" Nami nikainama nikaendelea kusafisha kichwa cha video kwa pamba. Kilikuwa safi. Ukangoja. Halafu ukasema polepole, kama mtu anayesema jambo dogo, "Basi nitawaambia wachague wenyewe. Mimi nitabebanga taa tu."

Kubeba taa! Mtu aliyejifunza kompyuta kwa kulala njaa, mtu ambaye mji huu wote ukitaka majina ya maharusi yapite kwenye kioo unamtafuta yeye, aende Nairobi kubeba taa. Nilisikia, Elphas. Liliniuma mpaka nikashindwa kuinua kichwa. Sikunyamaza kwa kukosa jibu. Nilinyamaza kwa aibu, kwa sababu najua ni nani aliyekufanya uogope kuchagua.

Wacha nianze mbali kidogo, univumilie. Wewe ulikuwa mtoto, hukuona jinsi kazi hii ilivyokuwa kati yangu na baba yako.

Yeye alikuwa nyuma ya kamera. Mimi nilikuwa nyuma ya mashine mbili za video, moja ya kuchezesha na nyingine ya kurekodi. Harusi ya Butere, mazishi ya Malava, mahafali ya chuo cha Bukura, alienda yeye na kamera begani, na kanda zikirudi nyumbani ni zangu. Sasa, baba yako alikuwa na ugonjwa mmoja wa kazi ambao sikuweza kumtibu. Alikuwa anaongea. Mpiga video mzuri hufunga mdomo, maana mdomo wake uko karibu na maikrofoni kuliko mdomo wa bwana harusi. Yeye, wapi! "Mama, inua kichwa kidogo." "Pastor, usituharakishe." "Huyo mtoto ameanguka, muinueni kwanza, keki haitakimbia." Akicheka, picha inatikisika. Mazishini alilia na watu asiowajua, na kilio chake kikawa juu kuliko cha wenyewe. Wateja walilalamika, na walikuwa na haki. Bibi harusi anataka kusikia kiapo chake, hataki kusikia mtu akikohoa juu yake.

Basi kazi yangu ikawa kumtoa. Kila alipoongea niliweka kwaya. Kwaya ikiwa hafifu niliweka isukuti, nikapandisha ngoma mpaka akazama. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo, na ninaandika haya bila kujisifu. Kuna siku nilimtania, "Leo nimekufuta kuliko ubao wa darasa la kwanza." Akasema, "Nifute tu, bora usinifute kwenye sufuria ya chakula." Tukacheka. Miaka yote ile nilimfuta na tukacheka.

Kanda za kamera hatukuziweka. Unajua utaratibu wa watu wa kazi hii hapa kwetu, na si sisi peke yetu: mteja akishachukua kanda yake, ile ya kamera inarudi kwenye mkoba na harusi nyingine inarekodiwa juu yake. Nani angeweka kabatini harusi ya watu wengine? Tuliona ni kama kuweka maganda ya ndizi.

Kisha kifua kikamlaza, na hakuamka. Tulipomzika ndipo nilipofahamu jambo ambalo mke wa fundi wa kamera angepaswa kulijua mapema, kwamba mwenye kamera hayumo katika picha. Katika kanda zote zilizowahi kupita katika duka hili, baba yako anaonekana mara moja tu. Hapo amelala kwenye jeneza, na aliyeshika kamera ni wewe, na picha inacheza hata sura yake haitulii. Nilikataa mtu mwingine asiishike. Labda nilikosea hata hapo. Mtoto hafai kumzika baba yake kwa jicho moja, lingine amelifunga.

Ndiyo maana tuliponunua kompyuta, nilikuwa na nia mbili na nikakwambia moja. Niliyokwambia ni kwamba watu wanataka majina na maua kwenye kioo, na mashine mbili za zamani haziwezi. Ilikuwa kweli. Ya pili nilikaa nayo moyoni. Ilikuwa imebaki katoni moja ya kanda za kamera ambazo kifo kilitukuta hatujarekodi kitu juu yake.

Unakumbuka siku ya Kisumu? Yule muuzaji alituuliza tunataka mfumo upi, ile programu kubwa inayoamsha mashine na kuzisimamia nyingine zote. Mimi nilitaka ya kawaida, ile ya kila ofisi, kwa sababu ndiyo niliyoiona kwa watu. Wewe ulisema NT. Ulieleza, na muuzaji akikusikiliza, kwamba NT haigandi ovyo mtu akiwa katikati ya kazi, na kwamba ukiandaa diski kwa njia yake unaweza kuingiza harusi nzima kama kitu kimoja bila kuikatakata vipande. Nikauliza kuhusu Macintosh, kwa kuwa niliwahi kuiona kwa wamisionari na picha yake ilinipendeza. Ukanijibu, "Mama, hiyo ni nzuri, lakini ikilala hapa Kakamega nani ataiamsha?" Tukachukua NT. Ulichagua vizuri. Sikukwambia siku ile kwa sababu mama hapendi kushindwa na mtoto mbele ya muuzaji. Nakwambia leo kwa maandishi.

Asubuhi ukiwa chuoni, mimi nilikuwa nafunga mlango wa duka na kutia kanda moja ya katoni ile. Nikaifanya kazi yangu ya zamani kinyume. Nilitoa maharusi, nikatoa wachungaji, nikatoa kwaya, nikamwacha yeye. "Inua kichwa kidogo." Kukohoa. "Hapo hapo, usisogee." Kicheko. Nikaviweka vipande hivyo katika diski ya pili, ile kubwa, nikaviita Kelele ili mtu akiona asifungue. Kanda niliyoimaliza niliirudisha kwenye mkoba, na wewe ukarekodi juu yake bila kujua. Nilijiambia kwamba sasa yuko ndani ya mashine, na mashine haisahau.

Kwa nini sikukwambia? Siku moja nilisahau kufunga mlango, senge yako Doricas, dada ya baba yako, akaingia na kikapu cha mboga ya mrenda. Sauti ya ndugu yake ilikuwa imejaa chumba. Kikapu kilimwanguka. Alikaa chini sakafuni pale pale, na alipopata pumzi akasema, "Mke wa ndugu yangu, unaita mtu aliyelala? Ukimwamsha, utampeleka wapi? Tulimzika vizuri, tukanyoa nywele za matanga, tukamaliza. Wewe unamkalisha njiani. Hataenda, na hatarudi." Hakuwa na ubaya. Alikuwa anaogopa kwa dhati, na mimi pia nikaogopa, maana nimezaliwa na kulelewa humu humu. Nikamwahidi nitaifuta. Sikuifuta. Nilianza tu kusikiliza kwa sauti ndogo, sikio langu limegusa spika. Na wewe nilikuficha. Nilijiambia namkinga mtoto asisumbuke, kumbe nilikuwa najikinga mimi. Mama yangu alikuwa akisema mficha uchi hazai. Nilidhani maneno hayo ni ya wanawake wanaoogopa wakunga.

Haya, ikaja radi. Hapa kwetu radi si mgeni, lakini ile ilipita kwenye waya mpaka ndani ya mashine na kuiunguza kadi ya kuingizia picha. Wewe ukaenda Kisumu, ukarudi umekunja uso. Kadi iliyokuwapo ilikuja na programu yake ya Windows 98 tu, na NT haikuitambua kabisa. Ulisema tungoje, kadi inayokubaliana na NT itafutwe Nairobi. Nayakumbuka maneno yako: "Tusibadilishe mfumo kwa sababu ya kadi, Mama. Tubadilishe kadi." Hilo lilikuwa jibu sahihi, na lilitoka kinywani mwako.

Lakini harusi iliyokuwa mezani ilikuwa ya binti ya senge Doricas, na senge mwenyewe alikuwa amekuja kukaa mpaka kanda iishe, kwa sababu wakwe walikuwa wanaingojea kwa sherehe ya shukrani. Alikaa kwenye stuli anatafuna mahindi ya kuchoma, akiuliza kila mara kama tumefika wapi. Nikakwambia tubadilishe. Ukasema tena tungoje. Nikakukata kauli mbele yake.

Ukaweka 98 katika diski ya kwanza. Mashine ikaamka vizuri, kadi ikakubali, nikafurahi. Kisha ukasogea karibu na kioo. Ukasema, "Diski ya pili haionekani. Nadhani iliandaliwa kwa njia ya NT, na hii haiwezi kuisoma. Ili tuitumie lazima niiandae upya. Mama, kuna kitu ndani?"

Elphas, nimesimama katika dakika hiyo mwaka mzima. Uliuliza vizuri. Uliuliza kama mtu aliyefundishwa kazi. Na mimi nilimtazama senge yako, na senge yako akanitazama, mahindi mkononi, nikaona kile kikapu cha mrenda kikianguka tena. Nikasema, "Hakuna kitu."

Uliuliza mara ya pili. Ulinisomea lile onyo la Kiingereza kwamba kila kilichomo kitapotea. Ukasema, "Mama, una uhakika?" Nikakusukuma bega, nikanyoosha mkono wangu mwenyewe, nikabonyeza herufi ya kukubali. Ni mimi. Kidole kilikuwa changu, na hata leo nikishona kifungo nakiona.

Utauliza nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa nimejidanganya kwamba kila mfumo una chumba chake, kwamba tukirudisha NT siku nyingine, vyumba vyake vitarudi na vitu vyake. Tena mashine hiyo hutuonya kila siku kwa mambo madogo, nikawa nimezoea kuonywa. Na kitu kisichoonekana, nilijiambia, kitapoteaje? Lakini kuna pembe moja ya moyo wangu iliyojua. Iliniambia nisimame, nami nikaona aibu ya wifi ni kubwa kuliko hasara. Binadamu anaweza kupoteza kitu anachokipenda kwa sababu tu kuna mtu amekaa kwenye stuli.

Senge akachukua kanda yake, akaenda akituombea baraka. Jioni hiyo ndipo nilipokuuliza kama vitu vya NT vitarudi. Ukasema, "Vitu gani, Mama?" Nikakwambia. Nakumbuka ulivyoweka chini ile bisibisi, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Ukasema, "Haviwezi kurudi."

Na mimi, mama yako, niliyeficha, niliyeharakisha, niliyebonyeza, nikapiga kelele: "Umefanya nini, Elphas? Baba yako alikuwa humo!"

Ungeweza kuniambia, "Wewe ndiye uliyebonyeza." Hukusema. Ulitoka ukasimama kwenye mvua mpaka jirani akakuita. Ulirudi, ukakaa kwenye mashine ile siku nyingi ukijaribu kila programu ya kufukua uliyoweza kuomba kwa watu, na huko ndani tulikuwa tumeshamwaga harusi nzima ya binti ya Doricas juu yake. Ni ajabu, au si ajabu: hata mara ya mwisho alizikwa chini ya harusi ya watu wengine, na niliyefanya hivyo ni mimi, kama zamani.

Tangu siku ile hubonyezi kitu bila kuniuliza. "Mama, nibonyeze?" Kufungua kazi, kufunga kazi, hata redio. Mwanzoni nilidhani ni heshima. Kisha nikajua ni kidonda, na bado sikusema lolote. Nilikuacha ubebe. Ilikuwa rahisi kwangu kuwa mjane aliyepotezewa kuliko kuwa mwanamke aliyepoteza mwenyewe. Neno moja tu la kukuondolea mzigo lilikuwa mdomoni mwangu mwaka mzima, nikalimeza kila asubuhi na chai.

Sasa nimelitema. Si wewe. Ulichagua mfumo sahihi, ulishauri tungoje, uliuliza, ukauliza tena. Uliyoyafanya siku ile ndiyo anayotakiwa kufanya mtu wa kazi hii, na studio yoyote itakuwa na bahati kukupata. Nimelia nikiandika hapa, karatasi imelowa kidogo, usidhani ni paa.

Kuhusu Nairobi sikuchagulii. Mimi nimebaki na machache niliyoyapata kwa maumivu. Mfumo si mke, usiulize ni upi mzuri kuliko wote. Uliza kadi watakayonunua inakubaliwa na upi, na uwaambie wainunue kadi hiyo ukiwa umeshaamua mfumo, sio kinyume. Uliza mfumo ukiugua, ni nani yuko karibu anayejua kukaa nao. Huko Nairobi hata Macintosh ina waganga wake, si kama hapa. Zaidi ya yote uliza kazi yao ya zamani iko wapi, na mfumo mpya utaiona au hautaiona. Watu wanapotaka kitu kipya hawapendi swali hilo. Watakuona unawachelewesha. Waulize hata hivyo, na mtu akikujibu haraka sana kwamba hakuna kitu, mwangalie macho. Huenda kuna mtu chumbani anayemwonea haya.

Na ukiwa na mke, Mungu akijalia, usimfiche unachokilinda. Siongezi hapo. Sina sifa za kuhubiri.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya niingoje siku usiyokuwapo.

Wiki jana nilikwambia naenda Malava kwa mkutano wa akina mama wa kanisa. Hakukuwa na mkutano. Nilienda kwa Mama Beatrice, yule tuliyempigia video ya harusi wewe ukiwa bado shule ya msingi. Sidhani unamkumbuka. Mimi nilikuwa nimemsahau pia, kwa makusudi, kwa sababu kanda yake ndiyo kazi mbaya kuliko zote niliyowahi kutoa. Aliirudisha akilalamika kwamba katikati ya chakula wimbo mmoja unaisha kabla mwingine haujaanza, na katika pengo hilo yule mwanamume wa kamera anasikika. Nilimwahidi kurekebisha. Baba yako akaumwa, nikasahau, naye akachoka kufuatilia.

Mwezi uliopita nikiwa nafagia, likanijia. Pengo lile.

Mama Beatrice sasa ana watoto wakubwa. Alinikaribisha, akachinja ingokho, kuku wa mgeni, bila kuniuliza, na nilishindwa kula. Nikamwomba aweke ile kanda. Tulipita kanisani, tukapita picha za uwanjani, tukafika kwenye chakula. Watu wamepanga mstari, kwaya inaimba, kwaya inaisha. Mama mmoja mwenye leso ya kijani anainua sahani ya obusuma, ugali wetu, kuelekea kwetu na kusema, "Fundi, na wewe hujala?" Na baba yako anamjibu, karibu kabisa, kana kwamba amekaa kwenye mkono wa kiti changu: "Kuleni tu. Mimi niko hapa." Anakohoa kidogo. Isukuti inaanza, na anazama.

Ni hayo tu. Hakuna mengine, na nimetafuta mpaka mwisho wa kanda. Kazi niliyoifanya vizuri ilimmaliza, na uzembe wangu mmoja ndio uliombakisha.

Nilimwambia Mama Beatrice ukweli wote. Akaitoa kanda, akasema, "Chukua. Lakini ni harusi yangu, irudi." Ni haki yake. Nimekivunja kile kipande cha plastiki cha mgongoni mwa kanda ili mtu yeyote, na hasa mimi, asiweze kurekodi kitu juu yake. Sijaitia katika mashine yetu. Nimeifunga kwa leso yangu ya kanisani, iko katikati ya begi lako, chini ya blanketi, mbali na ile redio yenye sumaku.

Senge yako ataniuliza siku moja, na nitamwambia. Akitaka kukaa sakafuni, tutakaa wote.

Kwa hiyo mashine ya Nairobi utaichagulia mfumo wewe, wala hutabeba taa ya mtu. Kisha utamwingiza baba yako humo, utamtolea nakala, utamrudishia Mama Beatrice harusi yake. Mimi sina mkono wa kuifanya kazi hiyo, ulikwisha mwaka jana. Wewe unao.

Stima zimerudi, na kule nje nasikia mtu anakung'uta matope viatuni. Nadhani ni wewe. Nitaikunja barua hii niiweke juu ya kanda, ukaisome ukiwa umefika, usianze kurudi njiani kunibembeleza. Na pale mashine itakapokuuliza kama kweli unataka kuendelea, usitafute simu ya jirani ili uniulize.

Bonyeza, mwanangu.

Mama yako